Kosa Lililoandikwa kwa Mwandiko Mzuri

Yarrow alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ulikuwa umemlisha miaka ishirini na miwili katika ofisi ya mifugo ya Garissa. Vibali vya kuhamisha ng'ombe, malalamiko ya wenye visima, hata posa moja mbili za watu waliotaka kuonekana wasomi, vyote vilipita mkononi mwake. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi na jina lake likabandikwa ukutani pamoja na mengine, alitoka na kalamu yake ya wino, mkoba wa ngozi, na imani kwamba hakuna jambo duniani lisilotengenezeka mradi liwekwe kwenye karatasi na kugongwa muhuri. Imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka ulikuwa 1996. Shirika moja la misaada lilitangaza kwamba linatafuta magari ya kukodi, ya kupeleka dawa na wauguzi kambi za wakimbizi za Ifo na Dagahaley, mkataba wa miaka miwili kuanzia mwezi wa sita. Gari liwe jipya, lisiwe limeguswa na mwenyewe mwingine, na liwe na bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako likipondeka. Yarrow alilisoma tangazo mara tatu, akalikunja, akaenda kumtafuta kaka yake.

Kaka mtu, Kerrow, alikuwa mzee wa ngamia. Mjini aliingia kwa shida tu, na akiingia alitembea katikati ya barabara kama vile barabara ndiyo iliyomkuta yeye.

"Gari nimelielewa," alisema Kerrow. "Hiyo bima ndiyo sijaielewa. Unalipa ili upate ajali?"

"Unalipa ili ajali isikumalize."

"Mimi nina watu wangu. Nikimuumiza mtu, wanalipa. Nikiumizwa, wanalipwa. Hiyo ndiyo bima ya Msomali, na hatujawahi kujaza fomu."

Walibishana siku nne. Mwisho Kerrow alikubali, si kwa sababu ameelewa bali kwa sababu mdogo wake alikuwa msomi, na msomi asipoaminiwa alisomeshwa wa nini? Ngamia kumi na tisa waliuzwa. Wanne kati yao walikuwa wa dada yao Nimo, mjane, ambaye hakuwa na wengine. Nimo hakuuliza habari za bima. Aliuliza kama mwanawe Mowlid ndiye atakayeendesha, akaambiwa ndiye, akasema basi, Mungu atie baraka.

Nairobi, kampuni iliyowauzia gari iliwafanyia kila kitu chini ya paa moja. Ukumbini kulikuwa na magari yanayong'aa, na pembeni, karibu na birika la chai, kulikuwa na meza ya wakala wa bima. Yarrow alilipia gari huku na bima kule, hatua kumi tu katikati. Alikabidhiwa pikapu nyeupe ya dizeli, kitabu cha dhamana chenye jalada gumu, na karatasi moja ya bima ya muda. Kitabu chenyewe cha masharti ya bima, aliambiwa, kingemfuata kwa posta. Kitabu cha dhamana alikisoma chote usiku ule katika nyumba ya wageni ya Eastleigh, kurasa themanini na mbili, na baadhi ya mistari akaipigia mstari kwa rula.

Asubuhi ya Alhamisi wakaondoka, yeye na Mowlid. Kufika Mwingi wakakuta magari yamepanga foleni yakingojea askari wa kuyasindikiza hadi Garissa, maana shifta, wale majambazi wenye bunduki, walikuwa hawajaiachilia barabara ile. Msafara wa siku hiyo ulikuwa umekwisha kwenda. Wakalala pale, na alfajiri ya Ijumaa, watu wakiwa wanawasha injini, Mowlid akaja dirishani kwa mjomba wake.

"Abti, pedali ya breki inashuka. Tangu Thika. Inabidi niikanyage mara mbili ndipo ishike."

Mowlid alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, ameendesha malori ya mchanga miaka mitano bila kumkwaruza hata kuku. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Gari jipya," Yarrow akamjibu. "Hata kiatu kipya hubana."

"Kuna fundi hapo nyuma ya kituo cha mafuta. Ni kukaza tu, nadhani. Nusu saa."

Yarrow akakitoa kitabu cha dhamana mkobani, akafungua palipopigwa mstari. Ilikuwa imeandikwa waziwazi: gari likiguswa na fundi asiye wa kampuni kabla ya ukaguzi wa kwanza, dhamana imekufa. Akamsomea kijana. Halafu, kusema kweli, kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa kitabuni. Msafara ulikuwa unaondoka. Wakiukosa wangefika Jumamosi, na Yarrow alitaka gari lionekane limeegeshwa nje ya msikiti siku ya Ijumaa, watu wote wakitoka kuswali.

"Twende," akasema. "Ukaguzi wa kwanza si mbali. Watalitazama wenyewe."

Mowlid akarudi kwenye usukani. Na gari lilionekana nje ya msikiti Ijumaa ile, jeupe kama maziwa, na watu wazima walilizunguka wakigonga mabati yake kwa vidole. Yarrow alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu jina lake libandikwe ukutani.

Jumatano iliyofuata, siku ya soko la mifugo, Mowlid alikuwa peke yake garini akitoka kumnunulia mama yake magunia mawili ya unga. Mzee mmoja aitwaye Ogle, mfugaji wa Balambala, alikuwa akivusha mbuzi wake sita barabara. Mowlid alikanyaga breki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gari lilimpiga mzee paja, likapanda ukingo, likajitia kwenye ukuta wa duka la ngozi. Mbuzi hata mmoja hakuguswa. Fupa la paja la Ogle lilivunjika mahali pawili, na uso wa pikapu ukaingia ndani hadi kwenye injini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa sote. Hawakutufundisha humpata nini mkuu asiyesikia la mdogo. Hapa guu lililovunjika lilikuwa la mtu wa tatu kabisa, aliyekuwa amejiendea zake na mbuzi.

Kabla jua halijatua Kerrow alikuwa amekwisha kusimamisha wazee. Kwa watu wale, mtu wako akimjeruhi mtu wa ukoo mwingine hungoji polisi waje na kanda yao ya kupimia. Unakwenda siku hiyo hiyo na haal, yaani kile kitolewacho kumrudishia heshima aliyeumizwa kabla hata fidia haijazungumzwa. Unakwenda bila neno la kujitetea. Unasema tumekosa, basi.

"Breki ilikataa," Mowlid alikuwa akirudia. "Abti Kerrow, wallahi ilikataa."

"Najua umesema," Kerrow akamwambia kwa upole. "Lakini mtu amelala na mfupa umevunjika, huendi kumwambia habari za breki. Ukienda na kisingizio umekwenda kumtukana mara ya pili."

Mowlid akamtazama Yarrow. Yarrow alikuwa akitafuta kalamu mkobani, na alichukua muda mrefu sana kuipata.

Walimkuta Ogle hospitalini, mguu umefungiwa uzito, na jamaa zake wamekaa sakafuni. Haal ilikuwa kondoo wawili na shuka mpya. Fidia ikakubaliwa siku ya pili, ngamia wanane, na ukoo mzima wa Yarrow ukachanga bila kunung'unika. Ogle akasema nimesamehe, akashikana mkono na Kerrow, kisha na Mowlid. Jambo lilikuwa limekwisha kama mambo yanavyokwisha.

Isipokuwa Yarrow alitaka liandikwe. Aliandika kwa wino wa buluu, mistari imenyooka kama imepigiwa rula. Na kwa kuwa karatasi isiyotaja sababu kwake haikuwa karatasi, akaandika sababu: *Kijana wetu Mowlid aliendesha kwa kasi bila kuangalia mbele, akamgonga Mzee Ogle asiye na hatia. Kosa ni letu lote, hatuna udhuru.* Wazee wakatia dole gumba. Chifu akagonga muhuri. Ikasomwa kwa sauti pale pale sokoni, karibu na ukuta uliobomoka, kama ilivyo desturi ili watu wajue kwamba hakuna kisasi.

Mowlid aliisikiliza akiwa amesimama nyuma. Tangu siku hiyo hakuna mwenye lori aliyempa usukani. Walimwamkia vizuri, wakamuuliza habari za mama, na hawakumpa usukani.

Yarrow alikuwa na hakika kwamba bima ingelitengeneza gari. Si ndiyo maana ya bima? Akajaza fomu ya madai, akapeleka gari Nairobi juu ya lori la kukodi, na ndani ya bahasha, kwa mkono wake mwenyewe, bila kuombwa na mtu, akatia nakala ya ile karatasi ya wazee. Aliiweka juu kabisa. Alitaka waone kwamba wanashughulika na watu wastaarabu.

Jibu lilikuja wiki ya tatu ya Aprili, mistari minne. Madai yamekataliwa. Siku ileile, katika sanduku la posta lilelile, kilikuwepo na kile kitabu cha masharti ya bima kilichokuwa kinamfuata tangu Machi.

Ndugu wawili wakapanda basi kwenda Nairobi.

Walilikuta gari kwenye ua wa nyuma wa kampuni, limefunikwa vumbi, ndege wamelinyea. Kerrow alilizunguka akilitazama. Fundi mmoja aliyevaa ovaroli, mtu mfupi mwenye mafuta hadi viwikoni, aliwaona akawasogelea. Pengine aliwahurumia, au pengine hakuambiwa anyamaze.

"Hili ni lenu? Paipu ya breki ya nyuma haikukazwa tangu mwanzo," aliwaambia. "Ilikuwa ikivuja kidogo kidogo. Dereva lazima alihisi pedali inashuka. Hakusema?"

Kerrow hakuyapata yote, Kiswahili cha fundi kilikuwa cha haraka, lakini alimgeukia ndugu yake kungojea jibu kama fundi alivyongojea.

"Hapana," alisema Yarrow. "Hakusema."

Neno lilitoka jepesi. Baadaye, akiwa amekaa ofisini kwenye kiti cha plastiki, alihisi jasho likimshuka mgongoni, na akajiambia kwamba ni joto, ingawa Nairobi mwezi wa nne haina joto la kumtoa jasho mtu wa Garissa.

Meneja wa mauzo alikuwa kijana mpole mwenye tai nyekundu. Pembeni yake alikaa mama wa bima, miwani puani, faili mkononi. Mama ndiye aliyeanza.

"Kifungu cha saba, mzee. Mwenye bima hatakiri kosa, hatatoa ahadi, wala hatalipa chochote bila idhini yetu kwa maandishi. Nyinyi mmekiri, mmeahidi, mmelipa. Yote matatu ndani ya siku mbili."

"Kitabu cha vifungu kimefika juzi," alisema Yarrow. "Baada ya ajali."

"Karatasi uliyotia sahihi siku ya kununua inasema umekubali masharti yote." Hakusema kwa ukali. "Mimi mwenyewe nisingeliona hili jambo. Wewe ndiye uliyeniletea."

"Na upande wetu," meneja akaingilia, "fundi amesema ni paipu. Sawa. Lakini sisi tutasimama wapi ikiwa mwenye gari mwenyewe ameandika, na chifu amegonga muhuri, kwamba dereva alikuwa na kasi na hakutazama mbele? Wakubwa wataniuliza, breki imetoka wapi?"

Karatasi moja, aliyoiandika kwa raha ya mkono wake, ilikuwa imefunga mlango wa bima na mlango wa kampuni kwa mpigo mmoja. Ni Kerrow aliyezungumza, kwa Kiswahili chake cha soko la ngamia, akielekeza fimbo kwenye dirisha la ua.

"Sikia, walaal, ndugu yangu. Sisi naleta besa, wewe naleta gari. Besa yetu ilikuwa na kasoro? Hapana. Gari yako iko na kasoro. Fundi yako nasema hifyo. Sasa ile karatasi ni ya mzee na mzee, ya kuomba msamaha. Hiyo nakuja hapa kufanya nini?"

Meneja aliangalia kucha zake. Aibu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, nami sitamnyima haki yake. Akainuka, akafunga mlango, akarudi na njia.

Walete karatasi nyingine, alisema. Wazee walewale, na yule mzee aliyeumia, waseme ya kwanza iliandikwa kwa makosa na imefutwa, kwamba hakuna aliyekiri. Dereva naye aandike kwamba breki ilikataa ghafla, bila dalili yoyote ya awali. Hapo mama wa bima ataweza kulifungua faili upya, na kampuni italitengeneza gari bure. Mwisho wa mwezi wa tano lingekuwa tayari, kabla mkataba haujaanza.

"Bila dalili yoyote ya awali," mama akarudia. "Hilo ni la lazima. Kama dereva alijua na akaendelea kuendesha, hapo hata mimi sina la kufanya."

Safari ya kurudi Yarrow hakulala. Gari lilikuwa linarudi, lilikuwa karibu kabisa, umbali wa karatasi mbili tu. Mkataba wa shirika, ngamia kumi na tisa, wanne wa Nimo. Alichotakiwa ni kuomba, na kuomba ni maneno. Basi lilipopita Mwingi alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Ogle alikuwa amekwisha kurudishwa Balambala. Walikwenda kumwona alasiri moja, Yarrow, Kerrow na Mowlid, kwa gari la kukodi la maziwa. Yarrow ndiye aliyesema Mowlid aje, kwa sababu ya lile andiko la pili. Njia nzima hakumweleza vizuri. Alimwambia tu, "Utaandika breki ilikataa. Si ndivyo ilivyokuwa?" Na Mowlid akasema, "Ndivyo, abti."

Walimkuta mzee amekaa kwenye mkeka mlangoni mwa kibanda chake, mguu umenyooshwa mbele, fimbo mbili kando. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini ulikuwa umeunga vibaya kidogo, na mguu ule ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe. Binti yake Ramla aliwaletea chai ya maziwa ya ngamia, akakaa ndani ya kizingiti, mahali pa kusikia.

Yarrow alieleza. Alieleza vizuri, alikuwa na ufundi wa kueleza. Alisema hakuna atakayedai ngamia warudi, hasha, wale wanane ni wa Ogle. Alisema ni jambo la ofisi tu, watu wa Nairobi hawajui desturi. Karatasi ya kwanza ifutwe, basi. Msamaha ubaki palepale.

Ogle alisikiliza mpaka mwisho, akipapasa goti.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Kuchana karatasi ni kazi ndogo, hata mbuzi huchana. Mkitaka dole gumba langu nitawapa, gari lenu lirudi, mjane apate chake. Sina kinyongo." Akanywa chai. "Lakini kuna kitu kinanikera, nisaidieni. Mlikuja mkasema mmekosa. Nikasamehe. Leo mnasema hakuna aliyekosa. Mimi basi nilimsamehe nani?"

Kerrow akainamisha kichwa. Yarrow akasema, haraka kidogo, kwamba ni gari, ni paipu, ni mambo ya kiwandani.

"Gari nalielewa," alisema Ogle. "Hata ngamia huwa na ugonjwa ndani. Lakini ngamia haanguki bila kukuonyesha. Hula kidogo, hulala upande mmoja. Mwenye jicho huona." Akamgeukia Mowlid. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Halikukuonyesha?"

Hapo ndipo Yarrow alipoelewa kwamba kijana angeweza kusema. Wiki saba zote angeweza kusema, sokoni, hospitalini, kwa mama yake, kwa wenye malori waliomnyima kazi. Neno moja tu, Mwingi, lingemtosha. Na hata Nimo hakuwa amelisikia, maana angelisikia angekwisha kuja mlangoni kwa kaka yake na mtandio umefungwa kiunoni.

Mowlid alikuwa anautazama mguu wa mzee.

"Mimi ndiye niliyeshika usukani, adeer, mzee wangu," alisema. "Niulize mimi tu."

"Nimekuuliza."

"Basi ni mimi."

Yarrow alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu, na aliyemfunika ni yule yule ambaye yeye mwenyewe alimwibia. Aliona aibu, aibu ya kweli. Alifikiria gari. Alilifikiria bado, Mungu amsamehe, hata wakati ule. Aliliona likitoka kwenye ule ua limeoshwa. Kisha akasikia sauti yake ikisema.

"Aliniambia mimi."

Ramla aliacha kukusanya vikombe.

"Mwingi, asubuhi ya Ijumaa," Yarrow akaendelea. "Alikuja akaniambia pedali inashuka, kuna fundi hapo nyuma, nusu saa. Nikamsomea kitabu. Na si kitabu tu. Nilitaka kuwahi msikitini, watu waone gari. Nikamwambia twende. Kisha mtu akavunjika, nami nikaandika kwamba ni yeye hakutazama mbele."

Mbuzi walikuwa wakilia nyuma ya kibanda, na Ogle akawa anawasikiliza kana kwamba anawahesabu kwa sauti zao. Kerrow ndiye aliyesema kwanza, bila kumtazama ndugu yake.

"Fundi alikuuliza. Mimi nikiwa nimesimama pale. Ukasema hakusema."

"Nilisema hivyo."

"Nikafikiri Kiswahili ndicho kilichonipita."

Hilo lilimuuma Yarrow kuliko kama angepigwa fimbo.

Ogle alivuta fimbo zake mbili, akajiinua mpaka akakaa wima, uso umekunjamana kwa maumivu. Mowlid alitaka kumsaidia, akamkataza kwa mkono.

"Una karatasi kwenye huo mkoba?" alimuuliza Yarrow.

"Ninayo."

"Andika uliyosema sasa hivi. Yote, na msikiti wako. Jumatano itasomwa sokoni palepale iliposomwa ile nyingine, watu wasikie kijana alisema na nani alimnyamazisha."

Yarrow alijua anachoambiwa. Maneno ya mama wa bima yalikuwa bado masikioni: kama dereva alijua. Karatasi hii ikisomwa sokoni, Garissa nzima ingejua, na hakuna tena atakayetia dole gumba kwenye uongo wa "bila dalili yoyote". Gari lingebaki kwenye ule ua na ndege wake. Angelazimika kwenda kwa Nimo, akae mbele yake, amwambie ngamia wake wanne wamekwenda wapi na kwa sababu gani.

Akatandaza karatasi juu ya mkoba wa ngozi. Akaandika tarehe. Mwandiko ulikuwa mbaya, herufi zilikuwa zinapandana, na mara mbili alilazimika kufuta. Alipofika kwenye jina la Mowlid alisimama kidogo, akaandika: *Aliniambia. Sikusikia.* Kisha akaisoma yote kwa sauti, kwa Kisomali, ili Ogle na Kerrow waisikie, na Ramla kule ndani.

Kerrow alitia dole gumba. Ogle akatia lake, akalifuta wino kwenye mkeka. Mowlid hakutakiwa kutia chochote. Alikuwa amegeuka upande wa mto, mabega yanatikisika, na hakuna aliyemtazama, kwa heshima.

"Mzee Ogle," alisema Yarrow. "Nakuomba unisamehe."

Ogle alimtazama bila chuki.

"Sasa nimempata wa kumsamehe," alisema. "Lakini si leo. Haal ile ililetwa kwa jina la kijana, nami nimekwisha kuila. Wewe njoo na yako."

Akamwita Ramla aje amsaidie kuingia ndani, maana jua lilikuwa limeufikia mguu.